Halmashauri nane, duka moja la saruji

Ndugu Mhariri,

Naandika kuomba halmashauri nane za mkoa wetu wa Tabora zinunue vifaa kwa pamoja, na naanza na niliyoyaona mwenyewe. Novemba 2021 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata wilayani Nzega, na akaunti ya shule ilikuwa na shilingi milioni 40. Zilikuwa fedha za UVIKO-19, zile za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo sehemu yake serikali iliielekeza kwenye ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Darasa moja milioni 20. Shule yangu ilipewa mawili. Kidato cha kwanza walikuwa wanaingia Januari, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kupoteza.

Ujenzi ulikuwa wa force akaunti. Walimu wenzangu wanaujua: hakuna mkandarasi, shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi. Tuliunda kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na katibu wa manunuzi tukamchagua mwalimu wa hisabati kwa sababu yule haoni haya kuuliza bei mara tatu. Pale Nzega mjini nondo za milimita 12 zilikuwa zimekwisha wiki ile. Basi asubuhi moja mimi na yeye tukapanda gari kwenda Tabora kutafuta profoma, yaani karatasi za bei.

Kwenye duka la kwanza la vifaa vya ujenzi tulikuta foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya walimu. Walikuwapo wakuu wa shule wa Uyui, mmoja wa Sikonge, wawili wa Urambo, na kijana mmoja wa Kaliua aliyenisalimia, "Shikamoo mama. Na wewe umefuata mabati?" Nikamwambia marahaba mwanangu, mimi nimefuata nondo, saruji na hayo mabati. Tukakaa juu ya mifuko ya saruji ambayo hakuna aliyekuwa ameilipia, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Lakini bei ya bati la geji 28 aliyomtajia mwalimu wa Uyui asubuhi siyo aliyomtajia yule kijana wa Kaliua saa saba, na yangu mimi saa tisa ilikuwa ya tatu. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, mzigo unakwisha, na ninyi mko wengi."

Maneno yale nimekaa nayo mpaka leo. Wote tuliokuwa pale tulitumwa na serikali moja. Fedha zilitoka mfuko mmoja. Ramani ya darasa ilikuwa ile ile, na orodha ya vifaa ile ile hadi kilo za misumari. Lakini tulinunua kama watu wasiojuana, tukagombea mzigo mmoja, na wingi wetu ukampa mwenye duka sababu ya kupandisha bei. Laiti tungekuja na karatasi moja yenye mahitaji ya shule zote za mkoa, angetutafuta yeye.

Jioni nilikodi lori la kubeba nondo zangu, likaondoka nusu tupu. Tulipofika Puge likatupita lori jingine, nalo lina nafasi ya kutosha nyuma, na aliyekaa mbele kwa dereva ni mkuu wa shule moja ya Nzega Mji. Shule yake na yangu mtu anatembea kwa miguu. Alitupungia mkono. Kila mmoja alilipa nauli ya zaidi ya kilometa mia moja peke yake kwa sababu mimi ni wa Halmashauri ya Wilaya na yeye ni wa Halmashauri ya Mji. Zamani sote tulikuwa Nzega moja.

Mimi si mchumi, lakini hesabu hii nimeifundisha watoto miaka mingi. Kama kila darasa katika yale 15,000 lingeokoa shilingi laki tano tu kwa kununua kwa pamoja na kusafirisha kwa pamoja, zingepatikana bilioni 7.5. Kwa bei ya milioni 20, hayo ni madarasa mengine 375.

Nisieleweke vibaya. Sisemi halmashauri zilizogawanywa zirudishwe kuwa moja. Mkoa wetu una nane: Manispaa ya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Igunga, Nzega Mji na Nzega Wilaya. Zilipogawanywa, mwananchi wa pembezoni alisogezewa ofisi, na hilo nalishukuru. Ninachosema ni kwamba kugawanya madiwani na wakurugenzi hakukuwa na ulazima wa kugawanya pia oda ya karatasi, oda ya matairi na oda ya nondo. Kila halmashauri ina kitengo chake cha manunuzi, inatangaza zabuni yake, ina stoo yake na dereva wake wa kufuata mzigo, na mzigo wenyewe mara nyingi unatoka ghala moja.

Ndugu yangu mmoja analima tumbaku Sikonge, ekari mbili. Hajawahi kwenda dukani peke yake kununua mbolea ya tumbaku. Chama chake cha msingi kinakusanya mahitaji ya wanachama, oda inakwenda moja, mbolea inakuja kwa malori, na kila mtu anachukua mifuko yake kwa jina lake. Ana malalamiko yake kuhusu makato, na mengine ni ya haki. Lakini nilipomsimulia habari ya foleni yetu ya walimu alinitazama kwa mshangao wa kweli, akaniuliza: "Na ninyi ndio mliosoma?"

Jambo hili tayari tunalifanya mkoani kwetu katika eneo moja, na linafanya kazi. Baada ya kustaafu, wananchi walinichagua kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu. Kila robo mwaka tunakaa na mganga mfawidhi kupitia dawa zilizopo na zilizopungua. Oda ya kwanza inakwenda Bohari ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Dawa ambazo Bohari haina kwa wakati huo, zamani zahanati ilikuwa ikitafuta yenyewe. Mganga mfawidhi wetu wa zamani, mzee mmoja aliyekaa hapa miaka kumi na minne, alikuwa anapanda basi na fedha za zahanati kwenda kuzunguka maduka ya dawa, anachukua profoma tatu, anarudi, anakwenda tena. Siku mbili zahanati haina mganga. Dawa anayopata ni makopo machache, kwa bei ya makopo machache.

Sasa upo mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji mmoja wa dawa kwa mkoa mzima. Ulianzia Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia, mwaka 2016 ukaingia Morogoro na Shinyanga, na kuanzia 2018 ukasambazwa mikoa yote. Mkoa unampata mshitiri mmoja kwa zabuni, bei za dawa na vifaa tiba zinakubaliwa mapema, kisha halmashauri zote za mkoa zinaagiza kwake kile kinachokosekana Bohari. Kila zahanati inalipa kutoka kwenye fedha zake, na hakuna aliyenyang'anywa madaraka. Diwani wetu bado anauliza maswali yake kwenye baraza, nasi kwenye kamati bado tunahesabu maboksi yanaposhushwa. Kitu kilichobadilika ni kwamba zahanati ndogo yenye oda ya glovu maboksi sita inapata bei sawa na hospitali ya wilaya.

Siku za mwanzo tulisubiri sana. Karatasi ilikuwa inalala mezani kwa mtu, na tuliwahi kukaa wiki tano tukingoja vitendanishi vya maabara. Nililalamika kikaoni na sitasahau jibu la mganga mfawidhi wa sasa, binti mdogo tu aliyetoka chuoni juzi: "Mwalimu, tukichelewa wote kwa pamoja, tunapiga kelele wote kwa pamoja." Na kweli, zilipolalamika zahanati nyingi wiki moja, karatasi ziliamka. Yule mzee na profoma zake tatu, akichelewa, nani alikuwa anajua?

Ndiyo maana nauliza: kama tumeweza kwa panadol, kwa nini tusiweze kwa bati?

Wako watakaosema Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, tayari una mikataba ya jumla na wazabuni. Ni kweli, na ni jambo jema. Ila bei kufahamika ni jambo moja, na kupeleka oda moja kubwa kwa pamoja ni jambo jingine. Halmashauri nane zinaweza kununua chini ya mkataba ule ule kwa wiki nane tofauti, kwa malori manane. Tangu 2023 ununuzi wa umma umeingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Aliyenirithi shuleni ananiambia unamnyima usingizi, maana mtandao kwetu unakuja na kuondoka. Hata hivyo mahitaji sasa yanaandikwa mahali pamoja, na mtu wa sekretarieti ya mkoa anaweza kuona, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, nani anahitaji nini na kiasi gani. Sisi mwaka 2021 hatukuwa na hata hilo. Mahitaji ya wenzetu tuliyaonea kwenye foleni dukani.

Najua hofu moja iliyo kubwa na ya haki, na juu ya hii sitaki kupita haraka. Hapa Nzega kuna kikundi cha kina mama kinachotengeneza sabuni ya maji, na kingine cha vijana kinachochomelea fremu za meza na viti vya wanafunzi. Wawili kati ya vijana hao niliwafundisha. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Oda ya sabuni ikiwa ya halmashauri nane kwa mara moja, kina mama hawa hawataweza kuijaza. Atakuja mfanyabiashara mkubwa kutoka mbali na lori lake, na madumu yao yatabaki sebuleni. Nimekaa nao, nimewauliza, na mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, hiyo barua yako itatuua."

Basi nimeibadilisha barua yangu kwa ajili yake. Ninavyoona mimi, mpaka uwe hapa: kile kinachotoka nje ya mkoa tukinunue pamoja, na kile kinachotengenezwa na jirani zetu kila halmashauri iendelee kukinunua kwa jirani zake. Hakuna mtu Tabora anayefua nondo. Hakuna anayetengeneza tairi la Land Cruiser, wala karatasi ya A4, wala wino wa mashine ya kudurufu, wala kitendanishi cha maabara. Hivyo vyote vinakuja kwa barabara au kwa reli, na mwenye duka wa hapa anatuuzia tu kilichopita mikononi mwake. Lakini sabuni, meza, sare, matofali, kokoto, chakula cha kikao, hivyo vibaki. Mwenye duka wa Nzega atapoteza oda fulani, sitaficha. Nimewaza sana juu yake na bado naona darasa lina haki zaidi.

Hofu ya pili ni madeni, na hii naiogopa hata zaidi. Mzabuni mmoja aliwahi kuniambia kwamba anapouzia halmashauri huongeza bei kidogo ya "kusubiri", kwa kuwa hajui atalipwa lini. Sasa zikinunua nane pamoja na moja ikachelewa kulipa, saba zilizo safi zitabeba jina baya la ile moja, na mzabuni ataongeza bei ya kusubiri kwa wote. Dawa yake ni kila halmashauri iweke fedha zake kwanza, ndipo jina lake liingie kwenye oda. Asiye na fedha robo hii asubiri robo ijayo. Ni ukali, lakini ndivyo vikoba vya kina mama vinavyoendeshwa mtaani kwangu kila Jumamosi: jina lako linasomwa fedha ikiwa mezani.

Kuhusu halmashauri kuazimana wataalamu nitasema kwa ufupi. Nakijua kituo kimoja cha afya, sitakitaja, ambacho mashine yake ya eksirei ilikaa miezi mingi imefunikwa shuka kwa kukosa mtaalamu wa mionzi, na halmashauri ya jirani ilikuwa na wataalamu wawili wakipokezana mashine moja. Siku mbili kwa wiki zingetosha. Mgonjwa aliyevunjika mkono hajui mpaka wa halmashauri uko wapi. Ni vivyo hivyo kwa wapima ardhi.

Na juu ya mipaka hiyo Igunga ina somo la kutufundisha. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya 1990, kabla ya sheria yake ya 2001. Tabora ndiyo iliyoifungulia nchi njia. Ila kwa miaka mingi kadi ilikuwa ya halmashauri yako. Mama yangu mdogo alikuwa na kadi ya Nzega. Siku moja, akiwa msibani Ziba, ambako ni Igunga, shinikizo la damu likampanda. Kituoni wakamwambia kadi yake haisomeki pale, akalipa taslimu kwa fedha za rambirambi alizokuwa amezikusanya kwa ajili ya wafiwa. Alikuwa analia, na hakuwa analilia shinikizo. CHF iliyoboreshwa ilipokuja mwaka 2018, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mfuko ukaendeshwa kwa ngazi ya mkoa na kadi ikavuka mipaka ya halmashauri hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hakuna halmashauri iliyokufa kwa sababu hiyo. Na maji ya Ziwa Victoria, yaliyozinduliwa Januari 2021, yanakuja Igunga, Nzega na Tabora kwa mradi mmoja. Nani angefikiria kila mji uvute bomba lake kutoka ziwani?

Binti yangu amesoma Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na nilipomwonyesha rasimu ya barua hii alinieleza kwamba Ufaransa ina komuni karibu 35,000, nyingine ndogo kuliko kijiji chetu, na kwamba tangu sheria ya mwaka 1890 zimeruhusiwa kuungana kwa ajili ya huduma fulani bila kupoteza mameya wao. Akaniambia pia habari ya halmashauri tatu za London, yaani Westminster, Kensington and Chelsea, na Hammersmith and Fulham. Mwaka 2011 zilianza kuchangia huduma na maofisa, na mwaka 2017 mbili kati yao zikatoa notisi ya kuachana na ya tatu katika huduma kubwa. Hilo la London lilinifikirisha zaidi ya lile la Ufaransa. Lazima makubaliano yaseme tangu mwanzo mtu anatokaje: anatoa taarifa ya muda gani, anaacha nini, anachukua nini. Tukiyaandika tukiwa bado tunapendana, hatutayaandika tukiwa tumenuniana.

Ombi langu basi ni hili, na nalielekeza kwa Katibu Tawala wa Mkoa wetu na wakurugenzi wote wanane. Kabla ya mipango ya manunuzi ya mwaka ujao wa fedha kupitishwa, maofisa ugavi wanane waketi siku mbili Tabora, kila mmoja na mpango wake, wauweke juu ya meza moja. Wasianze na mambo makubwa. Waanze na vitu vitatu: karatasi, matairi, na nondo na mabati ya shule. Waandike kila halmashauri ilinunua kwa bei gani mara ya mwisho, na karatasi hiyo isomwe kwenye kila baraza la madiwani, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale wananchi wanapoweza kuisoma. Nina hakika madiwani wakiona jirani amenunua boksi la karatasi kwa bei ya chini kuliko wao, hawatahitaji barua ya mwalimu mstaafu.

Wakihitaji mfano, daftari langu la manunuzi la Novemba 2021 bado ninalo, pamoja na nakala za profoma zote na risiti zote za EFD. Kurasa tatu za nyuma nimeandika bei walizotajiwa wenzangu siku ile dukani: Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, na yangu. Waniite siku hiyo, nitapanda basi la asubuhi niwaletee.

Wako katika kujenga taifa,
Mwalimu mstaafu,
Nzega, Tabora.